Kisu, Sindano na Amana ya Mwili: Nasaha kwa Wenye Saratani ya Tezi Dume na Watu wa Nyumba Zao

Sifa njema zote anastahiki Allah (SW), Muumba wa miili yetu na Mmiliki wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), Aali zake, Maswahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema. Ama baada ya hayo.



Maudhui tuliyoombwa kuyazungumza leo ni mazito, na kwa desturi zetu vijana hawayatamki mbele ya wazee. Tunaomba radhi, kwani sisi ni watoto wenu. Hata hivyo, dini hii haikufundishwa kwa kunyamaza. Wanawake wa Kiansari walisifiwa kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya twahara yao mbele ya Mtume (SAW). Ikiwa wao waliuliza, sisi hatuna udhuru wa kukaa kimya ilhali wazee wetu wanateketea kwa maradhi yenye tiba ya kuyadhibiti, na baadhi yao wanaikataa tiba hiyo kwa kudhani kwamba sharia imeiharamisha.

Maradhi hayo ni saratani ya tezi dume. Mazungumzo yetu yanamhusu hasa yule ambaye imegunduliwa ikiwa imekwisha kutoka ndani ya tezi na kuingia katika mifupa. Tutaeleza tiba zilizopo, hukumu yake katika sharia, na namna ya kuishi baada yake. Neno moja ndilo linaloyaunganisha hayo yote: tiba ya maradhi haya ni ya umri mzima, hivyo mgonjwa achague ile atakayoweza kudumu nayo, wala asiikimbie kwa kuogopa kupoteza uanaume ambao sharia haikuuweka pale anapodhani.

MARADHI YENYEWE

Tezi dume ni kiungo kidogo kilichoko chini ya kibofu, na njia ya mkojo hupita katikati yake. Mtu anapoingia utu uzima tezi hii hukua, na kukua huko peke yake si saratani. Wazee wengi wanaoamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, au mkojo wao hutoka kwa kukatika katika, wana uvimbe wa kawaida ambao una tiba yake. Anayeweza kutofautisha ni daktari, kwa kupima kwa kidole, kwa kipimo cha damu kiitwacho PSA, na kwa kuchukua vipande vidogo vya nyama ya tezi vikachunguzwa maabara. Kipimo cha damu peke yake hakitoshi kumhukumu mtu kuwa ana saratani.

Tatizo ni kwamba saratani hii mwanzoni haina kelele. Huweza kukaa miaka bila ya maumivu, kisha ikajitokeza kama maumivu ya mgongo, ya nyonga au ya mapaja yasiyotulia hata usiku. Nasi huku kwetu mzee anapolalamika mgongo, tunaulaumu ubangaji wa mashamba na kuinama kuokota korosho, tunampaka dawa ya kuchua, na miezi inakwenda. Basi ijulikane: mwanamume aliyevuka miaka 50 mwenye maumivu ya mgongo yasiyopungua, au damu katika mkojo, au kukonda bila ya sababu, asiridhike na dawa ya kuchua.

Wala tusidhani kwamba kuchelewa ni kwa watu wa vijijini peke yao. Mwezi Mei 2025 ilitangazwa kwamba Joe Biden, aliyekuwa Rais wa Marekani, amegunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume iliyokwisha kufika mifupani, ilhali hakuna aliyekuwa na madaktari wengi kuliko yeye. Kwa upande mwingine, Profesa Anyang' Nyong'o wa Kenya alipokuwa Waziri wa Huduma za Tiba aliweka wazi kwamba anaugua maradhi haya, na mwaka 2011 akatibiwa Marekani. Baadaye alirejea katika kazi, na mwaka 2017 akachaguliwa kuwa Gavana wa Kisumu. Hakuona aibu kuyataja maradhi kwa jina lake, na huenda maneno yake yaliwapeleka wengine kupima.

NJIA ZA MATIBABU

Mwaka 1941 daktari Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges, katika Chuo Kikuu cha Chicago, walionyesha kwamba saratani hii hulishwa na homoni ya kiume iitwayo testosteroni, ambayo kwa sehemu kubwa hutengenezwa na korodani. Homoni ikiondolewa, saratani hunywea na maumivu hupungua. Kwa ugunduzi huo Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Mpaka leo, kwa saratani iliyosambaa, msingi wa tiba ni huo huo: kuikatia saratani chakula chake.

Njia za kukata chakula hicho ni mbili kubwa.

Ya kwanza ni upasuaji wa kuondoa korodani. Ni operesheni fupi, ambayo aghalabu hufanyika kwa ganzi ya sehemu ya chini ya mwili, na haihitaji mashine kubwa. Ndani ya saa chache baada yake homoni huanza kuporomoka. Hufanyika mara moja tu katika umri. Upo pia upasuaji ambao hutolewa nyama ya ndani peke yake na ganda la nje likabakishwa, ili umbile lisionekane limepungua sana. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kama unapatikana.

Ya pili ni sindano, kama vile goserelini, ambayo huizuia korodani isitengeneze homoni. Hupigwa kila siku 28, au kila miezi mitatu kwa aina yenye nguvu ya kukaa muda mrefu. Sindano nyingi za namna hii huipandisha homoni kwa wiki za mwanzo kabla ya kuishusha, hivyo daktari hutanguliza vidonge vya kuikinga hali hiyo, hasa kwa mwenye saratani katika uti wa mgongo.

Hapa tunaomba masikio yenu yote. Wengi huchagua sindano wakidhani kwamba kisu huondoa nguvu za kiume na sindano huzibakisha. Hivyo sivyo. Zote mbili zinakusudia jambo moja, nalo ni kuishusha homoni. Kwa hiyo, kwa zote mbili hamu ya tendo la ndoa hupungua sana au huondoka, na katika kuidhibiti saratani zinalingana. Tofauti zake ni nyingine: kisu hakirudishwi nyuma, ilhali sindano ikiachwa homoni huweza kurejea taratibu. Kisu hubadilisha umbile, na sindano haibadilishi sana. Kisu hulipiwa mara moja, na sindano hulipiwa daima.

Juu ya msingi huo daktari anaweza kuongeza tiba nyingine kwa mgonjwa mwenye nguvu za kuistahimili. Kuna vidonge vya abirateroni, ambavyo Shirika la Afya Duniani liliviingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, na kuna dawa za dripu za kuua seli za saratani. Utafiti wa miaka ya karibuni umethibitisha kwamba kuongeza mojawapo ya hizi mapema huurefusha umri wa wengi kuliko msingi peke yake. Ipo pia mionzi, ambayo mara nyingine kwa kipindi kimoja tu hutuliza maumivu ya mfupa. Kwa watu wengi wa Kusini mionzi maana yake ni safari ya Dar es Salaam, mpaka Taasisi ya Saratani ya Ocean Road.

Lazima tuseme ukweli ulio mchungu: saratani ikishafika mifupani, tiba hizi hazing'oi mzizi. Zinaidhibiti, mara nyingi kwa miaka, na mtu akaishi, akaswali na kuwalea wajukuu zake. Kisha kwa wengi inakuja siku saratani inajifunza kuishi bila ya homoni ile, na hapo daktari hubadilisha mpango. Mwenye kuahidi kuiondoa kabisa kwa dawa ya chupa moja, huyo anauza ahadi.

HESABU YA MKULIMA WA KOROSHO

Tuchukue mfano wa mzee wa Newala mwenye ekari chache za mikorosho. Fedha yake huja kwa msimu. Minada hufunguliwa mwezi Oktoba, na tangu utaratibu wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, mkulima husubiri mnada ukamilike ndipo alipwe. Ikifika Februari au Machi, fedha nyingi imekwisha kuingia katika madeni, ada za watoto na bati la nyumba. Kuanzia hapo mpaka msimu mwingine ni miezi ya kubana.

Sasa sindano ya kila siku 28 ni sindano 13 kwa mwaka. Ya miezi mitatu ni nne. Saratani haijui msimu. Mzee huyu atachoma sindano ya Novemba, ya Desemba na ya Januari, kisha ya Mei itamkuta hana nauli ya kushuka Masasi au Mtwara, sembuse bei ya dawa. Homoni itarejea, na saratani itapata chakula chake tena. Kila mkulima hapa anaujua ubwiri unga: anayepulizia salfa mara moja kisha akaacha katikati ya maua, hupoteza salfa na akapoteza korosho.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua sindano, ukoo ukae na uulize: Je, nani atalipa ya mwezi Juni? Je, bima yetu inaigharimia dawa hii, na kwa hospitali ipi? Je, dawa hupatikana karibu, au kila mara tutaisafiria? Je, nani atamsindikiza? Yakijibiwa haya kwa uhakika, sindano ni njia njema. Yasipojibiwa, basi upasuaji wa mara moja huwa ni rehema kwa masikini, na kwa yule ambaye saratani inautishia uti wa mgongo wake huwa ni wa haraka pia.

Kadhalika, mwenye umri wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo asiondoke hospitalini kwa sababu ya fedha kabla ya kumuona afisa ustawi wa jamii, kwani sera ya Serikali imeweka msamaha kwa wazee wa namna hiyo. Njia ya rufaa kwa watu wetu inajulikana. Mgonjwa huanzia hospitali ya wilaya ya Newala au Mkomaindo hapa Masasi, au Ndanda, kisha Ligula na hospitali ya kanda kule Mtwara, na inapobidi Muhimbili na Ocean Road. Afuate barua ya rufaa, na majibu ya vipimo vyake vyote ayatie katika mfuko mmoja, kwani karatasi iliyopotea humrudisha mtu mwanzo.

HUKUMU YA KISU

Wapo wanaosema: Mtume (SAW) amekataza mtu kuhasiwa, basi operesheni hii ni haramu. Ni kweli kwamba makatazo hayo ni sahihi. Uthman bin Madh'un (RA) alitaka kujitenga na wanawake ili ajifunge na ibada, na Mtume (SAW) hakumruhusu. Lakini tuitazame sababu ya makatazo. Maneno yale yalimhusu mtu mwenye afya aliyetaka kukata neema ya Allah bila ya dharura. Mgonjwa wetu hakuichukia ndoa wala uzazi. Ameshambuliwa na maradhi, na kiungo kile kimekuwa ndicho kinachoyalisha.

Maulamaa waliliweka wazi jambo hili karne nyingi kabla ya hospitali hizi. Imamu Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii aliyefariki mwaka 660 Hijria, ameeleza katika kitabu chake Qawaaidul Ahkaam kwamba mkono ulioliwa na maradhi hukatwa ili kuihifadhi roho, kwa sababu kuhifadhi uzima wote kunatangulia kuhifadhi kiungo kimoja. Historia pia imetuhifadhia habari za Urwa bin Zubeir, mtoto wa Asmaa bint Abubakar na mmoja wa wanazuoni saba mashuhuri wa Madina. Mguu wake uliingiwa na kidonda kinachokula nyama akiwa safarini Sham, ukakatwa. Naye alimshukuru Mola wake kwa kumchukulia kiungo kimoja na kumwachia vingine.

Ama katika zama zetu, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha saba kilichofanyika Jeddah mwezi Mei 1992, ilipitisha azimio namba 67 kuhusu matibabu. Azimio hilo limeeleza kwamba asili ya kujitibu ni jambo lililowekwa na sharia, na kwamba huwa ni wajibu pale ambapo kuacha tiba kutapelekea mtu kupoteza roho yake, au kiungo chake, au kupata ulemavu. Limeeleza pia kwamba mgonjwa mwenye akili timamu hutibiwa kwa idhini yake.

Tuyaunganishe. Mwenye saratani katika uti wa mgongo ambaye miguu imeanza kulegea, akiachwa huenda akapooza. Kwa mtu kama huyo, kukataa tiba kwa jina la dini ni kuisingizia dini. Na yule ambaye hali yake inampa nafasi ya kuchagua baina ya kisu na sindano, basi yote mawili ni halali kwake, na atazame lililo jepesi kudumu nalo. Kwa aliye katika hali ya pekee, amuulize mwanachuoni akiwa na maelezo ya daktari mkononi, kwani fatwa bila ya kulijua tatizo ni kubahatisha.

UANAUME UKO WAPI

Kauli inayowaua wazee wetu wengi ni hii: afadhali nife nikiwa mwanamume kamili. Tunaiheshimu huzuni iliyomo ndani yake, lakini maana yake hatuikubali.

Hebu tuitazame sharia inavyomhesabu mtu huyu baada ya operesheni. Uimamu wake katika swala ni sahihi. Ushahidi wake unakubaliwa. Fungu lake la mirathi ni lile lile la mwanamume. Uwalii wake katika ndoa ya binti yake haukuondoka. Ni mume wa mkewe na baba wa watoto wake. Hakuna mlango hata mmoja wa fiqhi ulioandika kwamba mwanamume aliyepatwa na hili si mwanamume tena. Ikiwa sharia haikumvua heshima hiyo, ni nani kijiweni mwenye mamlaka ya kumvua?

Na tukirudi katika mila zetu wenyewe, Wamakonde, Wamakua na Wayao, mvulana alipopelekwa jandoni hakuambiwa kwamba uanaume ni kukimbia kisu. Aliambiwa avumilie. Yapo mambo ya jando ambayo tunayakosoa kwa dalili za dini, lakini somo lile la subira lilikuwa sawa. Kadhalika, watu wetu wa Kusini wamekwisha kuizoea operesheni ya busha, na mtu akirudi nayo hupongezwa. Kwa nini kisu cha sehemu hiyo hiyo kiwe ushujaa kwa busha na aibu kwa saratani?

MGONJWA AAMBIWE, NA MKE ASIKIE

Katika koo zetu neno la mjomba ni zito, na hilo lina uzuri wake. Lakini mara nyingi wajomba, wadogo na watoto wakubwa hujua jina la maradhi na mgonjwa mwenyewe hajui. Huambiwa ni vidonda, au ni mgongo. Ukoo huamua, na yeye hupelekwa. Hili halifai. Mwili ni amana aliyokabidhiwa yeye, na idhini ni yake. Aambiwe kwa upole, na mtu anayempenda, na kwa ukweli. Akishajua, ataweza kuuliza, kuchagua, kutubia, kulipa madeni na kuandika wasia wake.

Na mke asiachwe nje ya mlango wa daktari. Kinachobadilika kinamgusa yeye pia, na Qur'an imewafananisha wanandoa na vazi la mmoja kwa mwenziwe. Mke asipoambiwa, ataona mumewe amegeuza uso, atadhani ana mwanamke mwingine, au kwamba amemchukia. Mume naye, kwa kuona haya, atahamia chumba kingine. Nyumba ngapi huvunjika kwa ukimya, ilhali ugonjwa haukuzivunja! Wakae pamoja mbele ya daktari, waulize. Kushikana mikono, kulala kitanda kimoja, kucheka na kushauriana, hayo hayakuondolewa na kisu wala na sindano. Na mke mwenye lawama au haki anayoidai, asikilizwe kwa insafu na wazee wa pande zote mbili, wala asitukanwe kwa kusema.

IBADA ZA MGONJWA

Baadhi ya wagonjwa huacha kuja msikitini kwa sababu ya mkojo usiozuilika, au kwa kuvaa mpira wa mkojo. Wengine huacha hata kuswali. Fiqhi ya Shafii ina jawabu la wazi: mwenye mkojo usiokatika ajisafishe, ajifunge kitambaa au pedi, atawadhe baada ya wakati wa swala kuingia, kisha aswali faradhi yake bila ya kuchelewa. Kitakachotoka baada ya hapo hakimdhuru. Atarudia udhu kwa kila faradhi. Mwenye mpira na mfuko wake ataswali navyo kwa dharura. Asiyeweza kusimama kwa maumivu ya mifupa ataswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa ataswali kwa ubavu. Ama kukusanya swala mbili kwa sababu ya maradhi, Imamu Nawawi aliipa nguvu kauli ya kuruhusu, ingawa si kauli mashuhuri ya madhehebu yake.

Kuhusu funga, Majmaa hiyo hiyo katika kikao chake cha kumi, Jeddah mwaka 1997, iliamua kwamba sindano zisizo za kulisha mwili hazifunguzi, wala kuingiza mpira katika njia ya mkojo hakufunguzi. Basi mwenye zamu ya sindano katika Ramadhani asiiahirishe. Na ambaye daktari wake amemzuia kufunga, achukue ruhusa ya Mola wake bila ya kinyongo.

Nasi watu wa uwandani tunajua thamani ya ndoo ya maji, hasa miezi ya kiangazi. Mwenye mpira wa mkojo anahitaji maji ya kujisafishia kila siku, kwani uchafu ukiingia humletea homa ya hatari. Katika nyumba yenye mgonjwa wa namna hii, ndoo yake itengwe kwanza.

MAISHA BAADA YA TIBA

Homoni ikishuka, mwili hubadilika, na ni vyema mtu ayajue mabadiliko mapema ili asidhani amerogwa. Hupandwa na joto la ghafla kifuani na usoni, na jasho la usiku. Huchoka upesi. Huongezeka kitambi, na misuli hupungua. Mifupa huwa myepesi na huvunjika kwa urahisi. Sukari na shinikizo la damu huweza kupanda. Moyo pia huhuzunika, na mzee aliyekuwa mkali hujikuta analia kwa jambo dogo. Hayo ni athari za tiba, wala si udhaifu wa imani.

Dawa yake kubwa ni kutembea na kufanya kazi za kiasi. Aende shambani, lakini mizigo mizito awaachie vijana, na asipande mikorosho kuipogolea. Ale dagaa, maziwa, kunde na mboga za majani. Aache sigara. Apime sukari na shinikizo la damu, na arudi kupima PSA kwa tarehe aliyopangiwa, hata akijiona mzima.

Na likariri neno hili kila mwenye mgonjwa: miguu ikilegea ghafla, au ganzi ikiingia katika mapaja, au haja ikatoka bila ya kujijua, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Uti wa mgongo unabanwa, na saa zinahesabiwa.

Maumivu nayo yasifichwe. Morfini ya kunywa inayotolewa na hospitali kwa kipimo ni halali kwa mwenye kuihitaji, na haipunguzi thawabu za subira. Subira ni kutomlalamikia Allah kwa yale aliyoyakadiria, na kumwambia daktari pale panapouma hakumo katika malalamiko hayo.

Ama waganga wa ramli na hirizi, msimamo wetu unajulikana. Kumsomea mgonjwa ruqya ni sunna, na habbat sauda ina baraka zake, lakini Mtume (SAW) aliyeyafundisha hayo ndiye aliyewaamrisha watu watafute tiba. Mwaka 2011 nchi nzima ilishuhudia misafara ya kwenda kunywa kikombe Samunge, Loliondo, na wapo walioacha dawa zao za hospitali kwa ajili yake. Mwaka ule uwe darsa kwetu. Mgonjwa asomewe dua, na sindano yake isikose.

WAJIBU WA JAMAA

Tumalizie kwa yale yanayotuhusu sisi wazima. Kila msikiti wa Masasi na Newala unaweza kufanya mambo matatu bila ya kusubiri mfadhili. La kwanza, wakati wa minada ya korosho, itengwe fedha ya wagonjwa wenye tiba ya kudumu, ihifadhiwe kwa maandishi na mashahidi, na itumike miezi ya kubana. Mgonjwa aliye fakiri au masikini ni katika wanaostahiki zaka. La pili, kila mgonjwa awe na msindikizaji mmoja anayeijua tarehe ya zamu yake na mahali ulipo mfuko wa karatasi zake. La tatu, tunapomtembelea tuchunge ndimi zetu. Tusimuulize habari za chumbani kwake, wala tusimhesabie siku zilizobakia. Tumpe nafasi yake ile ile katika safu, na kama alikuwa imamu, tumtangulize aswalishe pindi anapoweza.

Tunamuomba Allah (SW) awaponye wagonjwa wetu, awape subira wake zao na watoto wao, awajaalie madaktari na wauguzi wetu huruma na uaminifu, na awarehemu waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.